HESHIMA YA WAZEE TANGU ZAMANI ZA KAYA: HABARI ZA CHALE NA PWANI YA KUSINI



Kitabu cha taarifa ya mwaka aghalabu hujaa hesabu: ada zilizokusanywa, misaada ya mazishi, karo za watoto, na deni lililosalia. Hayo ni mambo ya lazima, na mweka hazina ameyaeleza mahali pake. Lakini katika orodha hizo mzee huonekana katika safu moja tu, nayo ni safu ya wanaosaidiwa. Huandikwa kwamba amepewa blanketi, au unga, au nauli ya kwenda hospitali ya Msambweni, kisha mstari hupigwa chini ya jina lake. Makala haya yanataka kulitazama jambo lenyewe kwa njia ya historia, kwa maana zamani katika nchi hii ya Wadigo mzee alikuwa mwenye kazi, na heshima yake ilitoka katika kazi ile.

Masimulizi ya wahenga yatuambia kwamba Wamijikenda walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, na kwamba Wadigo ndio waliotangulia kushuka. Kwa sababu hiyo Wadigo huhesabiwa wakubwa miongoni mwa jamaa wale tisa, yaani Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi, Wakauma na Wagiriama. Wanahistoria wamebishana sana juu ya Singwaya, wengine wakikubali safari hiyo na wengine wakiitilia shaka, wala si kazi yetu hapa kuamua. Lililo muhimu ni jinsi masimulizi yenyewe yanavyopanga watu: aliyetangulia ndiye mkubwa, na mkubwa ndiye mwenye kuulizwa. Hata kaya zetu zilihesabiwa kwa utaratibu huo, Kaya Kwale ikitajwa kwanza, kisha Kaya Kinondo, na nyingine zikifuata.

Vijana wengi wa leo wakisikia neno kaya hufikiri msitu wa kuogopwa. Asili yake kaya ni mji. Watu walikaa ndani ya uwazi uliozungukwa na msitu mzito, njia za kuingilia zikiwa chache na zenye kulindwa, na fingo, yaani kinga ya mji, ikiwa imefukiwa ardhini mahali palipojulikana na wachache. Baadaye watu walipozidi na biashara ya pwani ikawavuta, walitoka wakajenga vijiji vidogo karibu na mashamba yao, na kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa hazikaliwi tena. Hata hivyo hazikuachwa ovyo. Zilibaki mahali pa makaburi, pa dua ya mvua, na pa kukutania wazee.

Katika mji ule mambo yaliamuliwa na baraza la wazee, ambalo kwetu huitwa ngambi. Mtu hakuingia katika ngambi kwa sababu ya mvi peke yake. Alipita katika rika lake, akatoa ada na karamu zilizotakiwa, akajifunza viapo na mipaka na majina ya waliotangulia, na ndipo alipokaribishwa. Kazi yake ilikuwa nzito. Ngambi ilikata mashauri ya mali na ya damu, ilipatanisha nyumba zilizogombana, ilitangaza miiko ya msitu, na iliongoza dua wakati wa ukame au maradhi. Mzee aliyekosa kuhudhuria alitafutwa, kwa kuwa shauri halikuweza kwenda bila ya yeye. Tafadhali, msomaji, usilipite neno hilo upesi. Heshima yake ilipimwa kwa jinsi alivyohitajiwa, na hata kijana asiyempenda alilazimika kumpitia.

Tena kulikuwa na kumbukumbu ambayo baraza la wanaume halikuweza kuihifadhi peke yake. Wadigo wa zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na urithi ulitoka kwa mjomba ukaenda kwa mpwa. Basi aliyejua kwa hakika nani ni wa tumbo gani, nani alizaliwa kwa nani, na nani aliletwa kutoka kwingine, alikuwa mara nyingi bibi mzee aliyekaa uani. Shauri la urithi likiwa gumu, watu walimwendea. Ulipoenea Uislamu katika nchi yetu, hasa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, sheria ya mirathi ya dini ilikutana na desturi ya mjomba, na kesi zikawa nyingi. Si haki kusema kwamba dini iliwavunjia wazee heshima, maana kumtii mzazi na kumtunza mkongwe ni katika mafundisho yake yaliyo wazi, na wazee wengi walipata msikitini mahali pao papya. Lakini ni kweli kwamba yule bibi wa uani alianza kuulizwa mara chache zaidi, na sijaona mtu aliyeiandika hasara hiyo.

Sisi wa Chale na Gazi tumeishi kwa bahari, na baharini nako wazee walikuwa na cheo. Mvuvi mzee ndiye aliyejua bamvua na maji mafu, upepo wa kusi utakapotulia na kaskazi itakapoanza, mwamba gani ulale samaki gani, na siku gani mtu asitoke. Katika mizimu ya ufuoni, kabla ya msimu, ilitolewa sadaka, wavuvi wakala pamoja, na hapo hapo wazee wakakumbusha ni mitego gani inaruhusiwa. Mwaka 1997 wataalamu wa bahari walichapisha uchunguzi wao juu ya uvuvi wa pwani hii ya kusini. Walieleza kwamba katika Diani ziko bandari za wavuvi ambazo viongozi wao walikuwa wamefaulu kwa miaka mingi kuzuia juya, yaani wavu ule wa kukokota ambao huchukua wakubwa na wachanga pamoja na kuvunja matumbawe. Kwingine, ambako neno la wazee lilikuwa limepoteza nguvu, juya liliingia. Sina haja ya kuwaeleza wavuvi wenzangu tofauti ya samaki ilivyokuwa. Yatosha kusema kwamba wageni wenye vyombo vya kupimia walikuja kuandika jambo ambalo wazee wa malema na mshipi walikuwa wakilisema barazani siku zote.

Kazi hizi za wazee zilikwendaje? Hazikuondoka siku moja. Serikali ya Kiingereza ilitangaza himaya yake mwaka 1895, na katika muda wa miaka michache ilihitaji watu wa kukusanya kodi na kutafuta vibarua. Sheria ya mwaka 1902 juu ya wakuu wa vijiji, na kisha ile ya mwaka 1912 juu ya mamlaka ya wenyeji, zilimpa nguvu mtu mmoja aliyeteuliwa, ambaye alijibu kwa Bwana DC wala si kwa ngambi. Mtu huyo hakuwa lazima mzee. Ilitosha kwamba alitii na kwamba alileta kodi. Mwaka 1924 sheria ikafungua njia ya mabaraza ya wilaya, mwaka 1930 ikaja sheria ya mahakama za wenyeji, na mwaka 1951 ile ya mahakama za Kiafrika. Kila hatua ilisemwa kuwa ni ya kuwaheshimu wenyeji na desturi zao, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli, maana wazee wengine waliitwa kuketi katika mahakama hizo. Lakini walikaa hapo kwa idhini ya mtu mwingine. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 machifu na mahakimu walibaki, na ngambi haikurudishiwa kazi yake.

Mapigo makubwa zaidi yalikuja kwa njia ya ardhi. Sheria ya mwaka 1908 juu ya hati za ardhi za pwani iliwataka watu walete madai yao na ushahidi wa kumiliki. Waliokuwa na karatasi, au waliojua thamani ya karatasi, walipeleka. Wazee wetu walikuwa na ushahidi wa namna nyingine: mbuyu huu, kaburi lile, kisima alichochimba fulani, mwembe uliopandwa mwaka wa njaa. Ushahidi huo ulikuwa hai vichwani mwao na uliweza kukata shauri lo lote mbele ya ngambi, ila mbele ya meza ya msajili haukuwa na uzito, na ardhi isiyodaiwa kwa hati ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Basi kwa mpigo mmoja mzee ambaye jana alikuwa daftari la nchi akawa mtu asiyejua kusoma.

Matokeo yake tuliyaona wazi zaidi pale hoteli za wageni zilipoanza kufuatana ufuoni toka Tiwi hata Diani. Kaya Diani ilizongwa na viwanja, na Kisiwa cha Chale nacho kilipata sehemu yake. Kisiwa hiki, kama mjuavyo, ki karibu na bara hata maji yakitoka sana mtu huvuka. Ni mawe ya matumbawe, na juu yake msitu mgumu, na kwa vizazi vingi kilikuwa mahali pa dua na pa wavuvi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sehemu ya msitu ule ilifyekwa, na nyumba za wageni zikajengwa juu ya hati ya mtu binafsi. Wazee walipinga, na wanazuoni wakaandika habari za malalamiko yao. Hata hivyo ujenzi uliendelea, kwa kuwa hati ilikuwa hati. Sehemu iliyobaki ya kisiwa ina msitu wake hata leo.

Nimelikalia jambo la Chale kwa sababu lafunua ugonjwa wenyewe. Hakuna aliyewatukana wazee wale. Naamini wote waliokutana nao waliwaamkia vizuri, wakawapa viti, wakawaita baba na babu. Walichokosa ni mtu wa kulazimika kusikiliza jibu lao. Heshima ikiondolewa kazi hubaki shikamoo, na shikamoo peke yake haizuii shoka.

Wala haiokoi maisha. Hapana budi tuseme hapa jambo la aibu, maana kitabu hiki kitasomwa na watu wa nyumba zetu wenyewe. Katika miaka ya karibuni, katika Kilifi na hata katika Kwale, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Wengine walishambuliwa na watu wa damu yao, na mara nyingi, ukichunguza nyuma ya neno uchawi, hukuta shamba ambalo mzee hakutaka kuligawa au kuliuza. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa makimbilio ya wazee waliofukuzwa makwao kwa tuhuma hizo. Tazameni ajabu hii: kaya, ambayo zamani wazee waliiongoza, sasa huwaficha. Mzee asiyeulizwa neno, ambaye hakuna ajuaye afikirialo mchana kutwa, ambaye bado jina lake liko juu ya ardhi, ni rahisi kumsingizia. Yule anayeonekana kila juma akipatanisha watu au akifundisha watoto huwa na mashahidi wengi wa wema wake.

Lakini yapo pia mambo ya kutia moyo, na yalianza kwa kuwapa wazee kazi. Mwaka 1992 Serikali, kwa njia ya Makumbusho ya Taifa, ilitangaza kundi la kwanza la misitu ya kaya kuwa mahali penye kulindwa na sheria, na kikaundwa kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani. Wataalamu wa miti waliokuja kuandika mimea iliyomo walihitaji waongozi, na hawakuwapata ila wazee. Mwaka 2001 Kaya Kinondo, iliyo kaskazini kidogo ya Chale, ilifungua mlango kwa wageni chini ya masharti ya wazee wenyewe: mgeni hufungwa kaniki nyeusi, huingia kwa kufuata mwongozi, haokoti kitu wala havunji tawi, na mahali pengine haonyeshwi kabisa. Mwaka 2008 UNESCO iliandika misitu kumi ya kaya za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, na Kinondo ni mojawapo. Mwaka uliofuata ikaandika na mila zenyewe za kaya katika orodha ya zile zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Msitu wa Kinondo ni wa hektari 30 tu. Kisiwa chetu hakikupungukiwa utakatifu kuliko Kinondo. Tofauti moja ninayoiona ni kwamba Kinondo mgeni humkuta mzee mlangoni, na ili aingie hana budi kumwuliza.

Mfano mwingine ni wa maneno. Mwaka 2004 ilichapishwa kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili iitwayo Mgombato. Mwenye kuifungua atakuta majina ya miti, ya samaki, ya vyombo vya nyumbani na ya mambo ya ukoo ambayo vijana wengi hawayatamki tena. Kitabu cha namna hiyo hakitungwi ofisini. Hutoka vinywani mwa wakubwa, neno moja moja.

Sheria ya nchi nayo imesogea. Katiba ya mwaka 2010 yamhesabu mzee kuwa ni mtu aliyepita miaka 60, na kifungu chake cha 57 chaitaka Serikali kuhakikisha kwamba wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanaendelea kujikuza, wanaishi kwa heshima bila ya kudhulumiwa, na wanapata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Angalieni mpangilio: kushiriki kumetajwa kwanza, matunzo mwisho. Kifungu cha 159 kinawaagiza waamuzi wa mahakama wahimize njia za kienyeji za kupatanisha watu, mradi zisipingane na haki za binadamu. Na tangu mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ulipanuliwa kuwafikia watu wa miaka 70 na zaidi, kwa kiwango cha shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo, zikifika kwa wakati, ni msaada mkubwa katika nyumba isiyo na kipato, wala asiwepo mtu wa kuzidharau. Ila hazimrudishii mzee baraza lake.

Nisije nikasomwa kana kwamba nadai kila mwenye mvi arudishiwe mamlaka ya kale. Ngambi ilikuwa na kasoro zake. Wanawake walisemewa mara nyingi kuliko walivyosema, na kijana mwenye akili alingoja sana. Tena wako wazee, twawajua, waliotia kidole gumba katika karatasi za kuuza mashamba ambayo hayakuwa yao peke yao. Mzee naye apaswa kuulizwa hesabu. Zamani aliulizwa na wenzake katika ngambi, na labda ndiyo maana ya kuwa na baraza badala ya mtu mmoja.

Kwa hiyo naleta mbele ya mkutano mkuu maombi yafuatayo, nayo hayahitaji fedha nyingi. Katika halmashauri ya chama viwekwe viti viwili vya wazee, kimoja cha mzee mwanamume na kimoja cha mzee mwanamke, wenye kura kama wajumbe wengine wala si wa kufungua kwa dua tu. Kesi ndogo za mipaka na za nyumba zipite kwao kabla ya kufika kwa chifu, na uamuzi wao uandikwe katika kitabu na kutiwa sahihi na pande zote mbili, maana tumekwisha kujifunza tangu mwaka 1908 bei ya kutokuwa na karatasi. Mzee yeyote atakayenong'onezwa jina la uchawi atembelewe na wajumbe watatu siku hiyo hiyo, na jamaa zake wajue kwamba ametembelewa.

La mwisho ni la Chale yenyewe. Majina ya mahali pa kisiwani na ya ufuo wa mbele yake, yaani miamba, visima, njia za kuvukia, makaburi na mizimu, yangali vichwani mwa watu wachache ambao wote wamepita miaka sabini. Wanafunzi wetu wa sekondari wanajua kuandika na kuchora ramani. Ikiwa mkutano utakubali, vijana sita waambatane na wazee hao katika kaskazi ijayo, bahari itakapokuwa shwari na bamvua kubwa, waombe ruhusa ya kupita, wavuke wakati maji yametoka, na waandike kila jina mahali pake. Nakala moja ibaki kwa chama, na nyingine ipelekwe kwa Makumbusho ya Taifa. Wazee watatu wamekwisha kukubali, na mmoja wao ameomba safari iwe asubuhi, kwa ajili ya magoti yake.